Sauti ya Zamani na Vyombo Vipya

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika, Galula



Kamati ya maadhimisho imenipa mada ambayo wengine wameishangaa. Katika juma hili tumesikia habari za waasisi, za ujenzi, za shule na za huduma ya wagonjwa. Mimi nimeombwa niseme juu ya spika, amplifaya na kanda. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa jambo hili limekwisha kufika mezani pa Baraza la Wazee na linangoja uamuzi. Wapo wanaopendekeza kwamba zile spika mbili za honi zilizo juu ya paa la kanisa, pamoja na masanduku mawili ya spika za ndani, ziuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na kanda zilizomo katika kabati la ofisi zitupwe, ili tununue mtambo mpya wa kidijitali. Wapo pia wanaosema kisiguswe kitu chochote, kwa sababu sauti ya zamani ndiyo iliyokuwa sauti kweli.

Nawaheshimu wote. Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo, ili msikilizaji ajue ninakokwenda: spika tuzitengeneze na tuendelee kuzitumia, kanda tuzihamishie kwenye dijitali upesi. Spika yaweza kumngoja fundi mwaka mzima. Kanda haingoji.

1. Maneno haya mawili na mioyo ya watu

Neno "analojia" halikuwamo vinywani mwa watu wengi hapa kwetu mpaka serikali ilipoanza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni. Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Mbeya, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa makao ya mkoa wetu, ikafuata mwaka 2013. Watu wakanunua ving'amuzi, na vijana wakapata msemo. Mtu asiyekwenda na wakati aliambiwa kwamba bado yuko analojia. Neno la mitambo likageuka kuwa neno la kupimia watu.

Nadhani hiyo ndiyo sababu mjadala wetu umekuwa na joto jingi kuliko spika zenyewe. Mzee anaposikia kijana akisema "vya analojia vitupwe", hujiona yeye naye yumo katika orodha ya vitu vya kutupwa. Na kijana anapoambiwa kwamba chombo kipya hakina baraka, huona kwamba kanisa halina nafasi kwa maarifa yake. Kwa hiyo kabla ya kuamua, ni vema tujue maneno haya yana maana gani hasa, tusije tukagombana juu ya jambo ambalo halipo.

2. Kanisa na usikivu

Sisi Walutheri tunayo sababu ya pekee ya kujali sauti. Mtume Paulo, katika sura ya 10 ya Waraka kwa Warumi, anaiweka imani katika kusikia. Martin Luther naye alifundisha kwamba Injili kwanza ni habari inayotangazwa kwa kinywa, kabla ya kuwa maandishi. Basi mahali ambapo Neno linahubiriwa lakini watu wa viti vya nyuma hawalisikii, kuna kasoro katika huduma, hata kama mhubiri alijiandaa vizuri.

Biblia yenyewe inaonyesha watu wa Mungu wakilishughulikia jambo hili. Katika Nehemia 8, Ezra anasimama juu ya jukwaa la mti lililotengenezwa kwa kusudi hilo, naye yuko juu ya watu wote. Na Walawi wanawaeleza watu maana ya yanayosomwa. Katika Injili, Bwana Yesu anaketi chomboni, umati ukiwa pwani. Kila kizazi kimetumia njia iliyokuwapo. Katika sharika nyingi za vijijini mwito wa ibada ulikuwa ngoma, au rimu kuukuu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma. Honi zilikuja baadaye. Wala hazikuja kuondoa kinywa, zilikuja kukisaidia.

Na tukumbuke jambo linalopendeza: spika yenyewe ilijitokeza mbele ya umma ikibeba nyimbo za Krismasi. Peter Jensen na mwenzake Edwin Pridham, waliokuwa wamebuni spika ya honi huko California, Marekani, waliionyesha mbele ya umati mkubwa mjini San Francisco usiku wa kuamkia Krismasi, tarehe 24 Desemba 1915.

3. Analojia ni nini, na dijitali ni nini

Sauti ni msukumo wa hewa. Mhubiri anaposema, hewa hukazwa na kulegea mara nyingi kwa sekunde moja. Maikrofoni huyapokea mawimbi hayo na kuyageuza kuwa umeme unaopanda na kushuka sawasawa na hewa ilivyopanda na kushuka. Umeme ule unaofuatisha umbo la sauti ndio unaoitwa analojia. Kanda ya kaseti huhifadhi umbo hilohilo kwa usumaku juu ya utepe wa plastiki.

Dijitali ni kuhesabu. Chukueni mfano wa mto wetu Songwe wakati wa masika. Mtu mmoja anasimika mti wenye alama ukingoni, naye kila baada ya muda maalumu anaandika daftarini kina cha maji. Akipima mara moja kwa juma, mafuriko yaweza kuja na kupita bila yeye kujua. Akipima mara nyingi za kutosha, daftari lake litaonyesha kila kupanda na kila kushuka. Tena namba zile zaweza kunakiliwa na kupelekwa Mkwajuni au Vwawa bila kupotea hata tone.

Diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya Philips na Sony, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchaguliwa kati ya ngazi 65,536. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Sisi wa umri wangu tumekwisha kupoteza sehemu ya juu. Mwanahisabati Claude Shannon alithibitisha katika maandiko yake ya mwaka 1949 kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa, waweza kulijenga wimbi upya lote, bila pengo. Kwa hiyo ndugu wanaosema kwamba dijitali hukata sauti vipandevipande na kuacha mashimo katikati, hawajaambiwa ukweli. Kinachoharibu sauti mara nyingi ni ubanaji. Wimbo ukipunguzwa sana ili utoshe katika simu, kisha ukatumwa kwa mtu mwingine na kubanwa tena, sehemu zake hutupwa na hazirudi.

Lakini na ndugu wa upande wa pili wasikie. Hakuna spika ya kidijitali. Hata spika mpya yenye taa za rangi na bluetuthi, ukiifungua utakuta sumaku, koili ya waya, na koni inayosukuma hewa, kwa namna ileile iliyoelezwa na wahandisi Rice na Kellogg mwaka 1925. Namba lazima zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka kabla hazijafika hapo. Kinywa cha mhubiri ni analojia, na sikio la msharika ni analojia. Dijitali hukaa katikati, kama mjumbe anayebeba barua.

Je, wanaosema sauti ya zamani ilikuwa tamu wanajidanganya? Hapana. Kanda na amplifaya za zamani ziliongeza ladha yao katika sauti, na sikio huipenda. Tena zipo spika mpya za bei nafuu zinazokuza mno besi, mpaka ngoma inasikika na maneno hayasikiki. Maana ya maneno hukaa zaidi katika konsonanti, katika mitikisiko ya kati ya 1,000 na 4,000 kwa sekunde, na hapo ndipo honi ina nguvu. Honi haifai kwa kwaya, kwa sababu hukata sauti za chini na za juu. Kwa kutangaza na kusoma Neno mbele ya watu walio uwanjani, ni chombo chema.

4. Utunzaji wa spika

Honi ina faida nyingine kubwa kwetu tunaotegemea sola na betri. Umbo lake huisaidia hewa kupokea nguvu, hata kwa umeme uleule hutoa sauti kubwa kuliko spika ya sanduku. Ili kuongeza sauti kwa desibeli 10, amplifaya huhitaji umeme mara 10. Tofauti kati ya honi na sanduku la kawaida hufika desibeli 10 au zaidi. Atakayeuza honi ili anunue masanduku, ajiandae kununua na paneli.

Magonjwa ya honi ni machache, na dawa zake zinajulikana.

La kwanza ni honi kunyamaza kabisa. Mara nyingi kilichokufa ni diaframu, yaani kile kitando chembamba chenye koili ya waya. Kwa honi za kawaida kama Ahuja na TOA, diaframu huuzwa peke yake. Fundi hufungua skrubu za nyuma, husafisha ule mwanya wa sumaku kwa ncha ya utepe wa gundi ili kutoa vumbi na chembe za chuma, kisha huweka diaframu mpya. Sumaku na tarumbeta huendelea kutumika miaka mingi.

La pili ni chanzo cha kifo hicho. Watu hudhani koili huungua kwa sababu amplifaya ina nguvu nyingi. Mara nyingi ni kinyume chake: amplifaya ndogo ikifunguliwa mpaka mwisho, hukata vichwa vya mawimbi, sauti hukwaruza, na koili hupata joto kupita kiasi. Sauti ikianza kukwaruza, mwendesha mitambo apunguze mara moja. Asingoje kuambiwa na mhubiri.

La tatu ni kuunganisha bila hesabu. Spika mbili za omu 16 zikiunganishwa sambamba, amplifaya huziona kama omu 8. Zikiwa nne, huziona kama omu 4, na amplifaya isiyoruhusu hivyo huungua. Palipo na transfoma za laini ya volti 100, jumla ya wati za spika zote isizidi wati za amplifaya. Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kabati la mitambo.

La nne ni mahali. Mdomo wa honi uinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame, na uwekewe wavu kuzuia nyigu. Waya wa nje usiungwe kwa kusokota na kufunga mfuko wa plastiki. Ulehemiwe na kufungwa kwa utepe wa umeme. Honi mbili zilizo mbali zisielekezwe kwa watu walewale. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde, hivyo honi iliyo mbali zaidi kwa meta 34 huchelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na maneno hugongana.

Spika za masanduku zina adui zake. Koni ya karatasi huliwa na mende na panya, na sanduku la mbao huliwa na mchwa. Basi liinuliwe juu ya sakafu. Ukingo wa sponji unaoizunguka koni huoza wenyewe baada ya miaka kumi hadi ishirini, hata kama spika haijatumika. Ukingo wa kitambaa au wa mpira hudumu zaidi. Ukingo ukioza, hubadilishwa ukingo. Sanduku, sumaku na koni hubaki. Na ule mlio wa filimbi unaotuudhi katikati ya sala si ugonjwa wa spika: maikrofoni inaisikia spika na kuirudishia sauti yake. Spika ziwekwe mbele ya maikrofoni, zikiwaelekea watu.

Sisemi kwamba kipya ni kibaya. Amplifaya mpya za daraja D hutumia umeme vizuri zaidi kuliko za zamani, ambazo karibu nusu ya umeme wake huishia kuwa joto. Kwa usharika wa sola hiyo ni akiba halisi. Amplifaya yetu ikifa kabisa, na inunuliwe ya namna hiyo, nayo itaunganishwa na spika hizihizi. Lakini tuulize kabla ya kununua: kikiharibika, nani atakitengeneza, na vipuri vyake vitatoka wapi? Chombo ambacho kila kitu chake kimo katika bodi moja ndogo, kikipigwa na radi ya Novemba, mara nyingi hakina matengenezo hapa.

5. Kanda zisizongoja

Sasa nakuja kwenye jambo lililo zito zaidi. Katika kabati la ofisi mna kanda za mahubiri, za kwaya zetu, na za wazee walioulizwa na vijana wa wakati ule juu ya mwanzo wa Injili katika bonde hili, nao wakajibu kwa Kiswahili na kwa Kibungu. Wengi wanaozungumza humo wamekwisha kulala. Kitabu hiki cha miaka 100 kina majina yao na picha za wachache. Sauti zao zimo katika kaseti tu, wala hazina nakala.

Kanisa letu limewahi kuonja thamani ya kanda. Sauti ya Injili, redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi na kupelekwa huko vikiwa katika kanda. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa redio ile, lakini kazi ya Moshi haikufa. Katika taifa pia, maktaba kubwa ya kanda za rili za Radio Tanzania, yenye muziki na hotuba za miaka mingi, ilisumbua mioyo ya watu hata mwaka 2012 kukawa na mradi wa kuchangisha fedha ili zihamishiwe kwenye dijitali.

Kaseti ni utepe mwembamba uliopakwa unga wa sumaku. Joto la Galula na unyevu wa masika huipa ukungu. Gundi inayoshika unga ule hudhoofika. Utepe hulegea na kukatika. Za dakika 90 ni nyembamba kuliko za dakika 60, na za dakika 120 ni nyembamba zaidi. Hatari nyingine ni mashine za kuzisikilizia. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walianza kuwatahadharisha wenye kanda duniani kote kwamba kufikia mwaka 2025 hivi vifaa na vipuri vya kuzichezea vitakuwa adimu mno. Mwaka huo umefika. Anayetaka kununua dekki nzuri ya kaseti leo, na ajaribu Tunduma au Mbeya, kisha atuambie.

Hapa dijitali ndiyo rafiki wa wazee. Kaseti ikinakiliwa kwenye kaseti nyingine hupungua kila mara, na nakala ya nakala hujaa mvumo. Namba zikinakiliwa sawasawa hazipungui. Tunasoma katika Yeremia 36 kwamba mfalme Yehoyakimu alilikata gombo na kulitupa motoni, ndipo Yeremia akatwaa gombo jingine, na Baruku akayaandika maneno yote tena. Neno lilisalia kwa sababu alikuwapo wa kulinena na wa kuliandika upya. Wasemaji wetu hawapo tena wa kunena upya.

Lakini dijitali nayo si sanduku la agano. Simu hupotea, flashi hufa bila kuaga, kompyuta hupata virusi. Faili moja mahali pamoja ni sawa na kanda moja kabatini.

6. Mapendekezo

Kwa hayo yote naomba Baraza la Wazee lipokee mapendekezo yafuatayo:

(a) Honi na masanduku yasiuzwe. Vinunuliwe diaframu za akiba na ukingo mpya wa koni, na gharama yake ilinganishwe na ya mtambo mpya mbele ya washarika wote.

(b) Vijana wawili na mzee mmoja wateuliwe kutunza mitambo, wakiwa na daftari la kuandika kila kilichotengenezwa, tarehe na bei.

(c) Kanda zote ziorodheshwe kwanza: nani anazungumza, wapi, lini, na kwa lugha gani. Kazi hii ifanywe mwaka huu, wakati bado wapo wanaozitambua sauti.

(d) Kanda zihamishwe kwa dekki iliyosafishwa kwa spiriti na pamba, na kuhifadhiwa katika faili zisizobanwa. IASA hushauri vipimo visipungue 48,000 kwa sekunde, vya biti 24. Nakala iliyobanwa kwa ajili ya simu itengenezwe baadaye, kutoka katika hiyo kubwa.

(e) Ziwepo nakala tatu: moja usharikani, moja katika ofisi ya Jimbo, na moja Dayosisi. Baba Askofu, hapa tunaomba msaada wenu, maana sharika nyingine bila shaka zina makabati kama letu. Dekki moja nzuri iliyo mikononi mwa Dayosisi yaweza kuzihudumia zote.

(f) Kanda zenye ushuhuda wa siri au mambo ya Baraza zisitolewe hadharani. Aliyeungama mbele ya kikundi cha watu kumi hakukubali kusikika katika simu elfu. Mchungaji na familia za wahusika waulizwe kwanza.

(g) Kanda zenyewe zisitupwe baada ya kunakiliwa. Zikae mahali pakavu, mbali na jua na mbali na sumaku za spika.

7. Hitimisho

Wapendwa, wakati Baraza linapojadili, nawasihi vijana na wazee mwache kuitana kwa majina ya mitambo. Kazi hii haiwezekani bila pande zote mbili. Kijana ndiye anayejua kuihamisha sauti kwenye kompyuta, lakini sauti ikitoka katika spika, ni mzee atakayesema, "Huyu ni fulani, na wimbo huu waliuimba siku ile ya ubatizo kule mtoni." Mmoja akikosekana, tutabaki ama na kanda zisizochezeka, ama na faili zisizo na majina.

Nimekwisha kumwomba fundi aje Jumatatu ijayo kuzifungua zile honi mbili, na mzee wa kanisa anayetunza ufunguo wa kabati atakuwa ofisini siku hiyo kuanzia saa tatu asubuhi. Wote wanaokumbuka sauti za wazee wetu wanakaribishwa kuja kusikiliza na kututajia majina.

Mungu aliyewapa waliotutangulia kinywa cha kunena, atupe sisi masikio ya kusikia na mikono ya kutunza. Bwana awabariki.